Kicheko cha Mama Mkwe

14 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua haiingii tena kwenye lile bati la jikoni. Mimi mzima, nakula, nalala. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina cha kusema.

Naandika kwa sababu simu mimi na wewe hatuiwezi tena tangu msiba, na sababu tunaijua. Kuna jambo sitaki ulisikie kwa jirani. Kituo cha televisheni kimenifuata. Wameona hadithi zangu za jukwaani, wanataka kuzigeuza kipindi cha kila wiki: mimi, mume wangu, na wewe. Mimi nitajiigiza mwenyewe. Wewe utaigizwa na mama mmoja mnene mwenye sauti ya kusimamisha gwaride. Na mume wangu atakuwa mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapoomba ruhusa. Unajua jukwaani sijawahi kumzika. Miaka miwili sasa napanda, nashika kipaza sauti, nasema "mume wangu jana," watu wanacheka, na hakuna anayejua kwamba jana hiyo haipo. Wachekeshaji wenzangu, wachache wanaojua, walisema siku moja nitavunjika katikati ya hadithi. Sijavunjika. Sikulia hata siku ya mazishi, uliniona. Watu wakinipa pole najibu asante kama mtu aliyepishwa mlangoni.

Ukikataa nitawaambia hapana, na hatutagombana. Niliyebaki naye ni wewe tu, sitaki kukupoteza kwa ajili ya televisheni.

Mkwe wako


29 Januari

Mkwe wangu,

Marahaba. Goti linauma likitaka, bati limezibwa na fundi ambaye kazi yake naiombea dua tu. Wewe kula vizuri. Hiyo "nakula, nalala" ndiyo majibu wafungwa walikuwa wakimpa mkaguzi akipita.

Tusizunguke mbuyu. Sababu ya simu nitaiandika mimi, maana wewe unaipita pembeni kama mtu anayemkwepa mbwa mkali. Ulikuwa na mtindo wako. Unanipigia, unaniambia jambo kwa sauti kavu, husemi kama ni kichekesho. Nikicheka, unakipeleka jukwaani. Nikinyamaza, unakitupa. Na mimi nilipenda, kwa sababu tangu nistaafu uaskari jela hakuna mwingine aliyenitaka kwa kazi yoyote. Siku ile ukapiga: "Mama, mwanao amefia ndani ya friji la hoteli." Sauti ile ile. Mwanangu, fundi wa mafriji, yale makubwa ya kuingia mtu mzima! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuambia, "Hicho kizuri, kiweke." Wewe ukanyamaza, ukazidi kunyamaza, ndipo nikajua.

Basi, imeandikwa. Tuendelee.

Ruhusa nimekupa. Ulipoanza kunisema jukwaani dada yangu alikuja juu, akasema mkwe hataniwi. Nikamjibu afadhali kutaniwa kuliko kusahauliwa. Ila nina masharti. Huyo mama mnene asinifanye mpiga kelele, nilisimamia bweni zima la wanawake watukutu bila kupaza sauti. Na huyo wa kumwigiza mwanangu awe na mgongo mpana. Sura siijali.

Mama mkwe wako


3 Mei

Mama,

Shikamoo. Habari za tangu barua ile? Nimefurahi kusikia kwa dada yako kwamba umepata dawa mpya ya goti, hata kama unasema inanuka kama soksi za mfungwa.

Kipindi kinaanza Alhamisi ijayo. Mahali tunapofanyia kazi ungepapenda, pamekaa kijelajela. Ni ghala. Ndani wamejenga sebule ya kuta tatu, upande wa nne ni kamera, nyaya na watu waliosimama kimya. Hawaruhusiwi kucheka, kicheko kinaharibu sauti. Nikisema jambo la kuchekesha mpiga kamera anauma mdomo, mama wa vipodozi anageukia ukuta. Vicheko vinatiwa baadaye na jamaa mmoja kwenye kompyuta. Anavyo vya kila aina, cha puani, cha adabu, cha kuvunja mbavu. Kuna mwanamke mmoja humo anachelewa kila mara, wenzake wameshamaliza ndipo yeye anaanza. Nimeuliza ni nani, jamaa hamjui, alimkuta humo humo.

Ningesema inaniuma kutowasikia watu. Haiumi. Ni kama kutafuna kwa upande uliochomwa sindano ya ganzi. Unajua tu kwamba unatafuna.

Anayeigiza mume wangu zamani alikuwa refa wa mpira. Mgongo anao. Aliniuliza mume wangu anafanyaje kazi, nikamwambia anaweka sikio kwenye mlango wa friji na kufumba macho, akisema litajieleza lenyewe linaumwa wapi. Akafanya. Alifanya sawasawa, Mama, pamoja na kidole cha kugonga gonga pembeni, ambacho sikumwambia. Watu wote ghalani wakaniangalia mimi. Nikasema, "Hapo sawa, twende," tukaenda.

Mkwe wako


20 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba, na pole na kazi. Mimi sijambo, dawa ya goti nimeitupa, goti limeshukuru.

Alhamisi zote nimetazama. Mwanzoni majirani walikuja na viti vyao, nikawafukuza. Wanacheka mwanangu anapoongea, simsikii. Yule mnene si mbaya, ila anatembea kama anasukumwa. Wewe umekonda, na televisheni haifichi.

Sasa yeye. Akigeuka mbele ni refa. Akigeuka nyuma, akiinamia lile friji, ni mwanangu mtupu. Mwambie mwongozaji amgeuze zaidi. Wiki iliyopita alikohoa, sikupenda. Ghala hilo lina baridi, mwambieni avae kitu kizito.

Usidhani nimechanganyikiwa. Najua ni mtu wa mshahara. Lakini sijaenda makaburini tangu kipindi kianze, na dada yangu aliponiuliza nikamjibu kwamba mimi na mwanangu tunaonana Alhamisi. Alinitazama vibaya. Mimi sikuona ubaya, wala sikuona uzuri. Siku nyingine zote zinapita tu, naziangalia zinavyopita.

Mama yako


11 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, si kwamba nimekusahau. Afya yako vipi? Yangu ni ile ile.

Wanataka filamu. Ya ukumbini, skrini kubwa. Na mtayarishaji ameshajua kwamba mimi ni mjane, gazeti moja liliandika. Nilidhani atakasirika, kumbe alifurahi. Filamu itakuwa hiyo sasa: mwanamke anayemsema mumewe jukwaani ilhali mume hayupo. Mume atakufa katikati ya hadithi. Refa ameshakubali kufa, amepata mchezo mwingine wa kuigiza.

Nikaambiwa niandike kifo. Nikaandika daktari anatoka mlangoni, anavua miwani, anatikisa kichwa. Sikuhisi kitu, niliandika huku nakula. Mwongozaji akasoma, akasema, "Huyu amekufa kwenye karatasi tu. Kwako ilikuwaje?" Nikamjibu sikumbuki.

Mama, nakumbuka. Hapakuwa na daktari wa miwani. Palikuwa na mimi kwenye korido ya hoteli, nimesimama kando ya trei za mayai, simu sikioni, sauti yangu imekataa kubadilika, na wewe unacheka. Sikukasirika siku ile wala baadaye, na hili nilipaswa kukuambia zamani. Nilikuwa nimesema jambo lisiloingia akilini, na wewe ndiye pekee uliyelipokea hivyo. Wengine wote walisema "kazi ya Mungu" haraka haraka, kama walikuwa wameliweka tayari mfukoni.

Naomba nikiweke kicheko hicho kwenye filamu. Bila hicho nabaki na daktari na miwani yake.

Mwanao


25 Oktoba

Mkwe,

Salamu zimefika. Mimi mzima.

Hapana.

Umechukua goti langu, kukoroma kwangu, na namna ninavyohesabu vijiko wageni wakiondoka. Sikusema neno. Hicho usikiguse. Hakuna mama aliyeambiwa mwanawe amekufa akasema "kiweke." Nikienda dukani watu watanionyesha kidole, na hao watu watakuwa na haki. Nami sitakaa kwenye kiti nimwangalie yule mnene akicheka kicheko changu.

Nilikupa ruhusa ya kumwonyesha mwanangu akiwa hai. Ya maiti sikukupa.

Mama wa marehemu


2 Desemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa sidhani kama utanijibu.

Nimekiweka. Niliandika njia nyingine zote nilizozijua, zote zilikuwa uongo, na uongo juu ya mwanao ndio kitu pekee kilichoniuma katika miaka hii. Jana tumeirekodi sehemu hiyo, mara moja tu, mwongozaji akasema inatosha. Sitakueleza nilivyokiweka, kwa maneno utaona ubaya peke yake. Nakuomba kitu kimoja, na najua sina haki ya kuomba: siku ikitoka, kaitazame ukumbini, penye watu. Usiitazame nyumbani peke yako. Kaa katikati yao.

Mwanao, ukikubali


18 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui kama barua ya Desemba ilifika. Goti linaendeleaje? Dada yako nilikutana naye, akaniambia upo, halafu akaangalia saa.

Filamu inatoka mwezi ujao. Tiketi nimeiweka humu ndani ya bahasha. Mimi nimepata mchezo mwingine, naigiza polisi, na watu wananiita nyota hata wanapotaka nisogeze gari. Ninapoishi sasa kuna lifti yenye kioo, nikipanda najiona uso mzima njia nzima. Ni uso wa mtu anayesubiri lifti.

Sina wa kumjaribia vichekesho. Juzi nilikisema kimoja kwa sauti jikoni, friji likanguruma kidogo likanyamaza. Nikakitupa.

Mkwe wako, kama bado


30 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba, kwa barua zote mbili. Sijambo. Goti limechoka ila limenifikisha sinema na kunirudisha.

Barua ya Desemba niliichana. Hii ya pili nilikuwa nimeshaanza kuichana nikaikuta tiketi. Nilikwenda kwa hasira, niione kwanza ndipo nikutukane kwa uhakika. Nikakaa katikati kama ulivyosema. Kushoto kwangu kijana na mchumba wake, kulia mzee mmoja na bisi zake.

Ukatuonyesha ukipiga simu. Unasema jambo kwa sauti yako kavu, mnene anacheka, kesho yake tunakuona nalo jukwaani. Ukapiga tena, tukacheka. Ukapiga tena, tumeshazoea, watu wanaanza kucheka hata hujafungua mdomo. Halafu ukapiga ukiwa kwenye korido. "Mama, mwanao amefia ndani ya friji la hoteli."

Ukumbi mzima ulicheka. Mkwe, ukumbi mzima! Kijana alimpiga mchumba wake begani, mzee akapaliwa na bisi, kule nyuma mtu akapiga makofi. Mnene hata hukutuonyesha uso wake, wala hukumpa sauti. Waliocheka ni wao. Na wewe kwenye skrini ukanyamaza, ukazidi kunyamaza, kicheko kikaanza kuzima kiti kwa kiti, mpaka mzee akaziweka bisi zake chini akasema, wala si kwa mtu, "Ala. Kumbe ni kweli?"

Nikamwangalia yule mzee vizuri. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono. Ana sura ya mtu mwema, mtu ambaye ningemwachia wajukuu kama ningekuwa nao. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Na kama yeye siwezi kumchukia, sijui nitaendelea kujichukia kwa hoja gani. Miaka mitatu nilidhani ni mimi peke yangu duniani ambaye angecheka.

Sitakudanganya kwamba nililia. Taa ziliwaka, watu wakatoka, nikabaki. Mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu, nikashindwa, ilikuwa imekufa ganzi. Nikamwambia, "Mwanangu amekufa." Akasema, "Pole, mama, ni filamu tu ile." Nikamwambia hapana, nikamweleza habari yote, jina la mwanangu na kazi yake na hiyo hoteli. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo wangu. Yule binti aliegemeza ufagio, akakaa kiti cha mbele, akanisikiliza mpaka mwisho.

Hasira yangu kwako iko pale pale. Nilisema hapana, ukafanya ndiyo, na hilo haliishi kwa barua. Jumapili nakwenda kumwona mwanangu, pale alipo kweli. Njoo twende wote, tugombane njiani.

Mama yako