Majibu ya Wakata Miwa

Chuoni, 4 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, kaka yangu mzima, na watoto pia, ambao siku hizi siwezi hata kukisia urefu wao. Mimi sijambo, ila kiuno kinalalamika kwa kukaa kitini kutwa.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Simu zangu hupokei, ujumbe wangu husomi, ndiyo maana nimemtumia kaka barua hii akuwekee mkononi. Miaka sita ni mingi, wifi, kwa watu waliokuwa wakichekana mpaka machozi.

Nina jambo. Chuo ninachofundisha huku na vyuo vingine vitatu, kikiwamo cha huko nyumbani, vinakaribia kutia saini mkataba wa kushirikiana. Tutachunguza kwa nini watu wanaofanya kazi juani, wakata miwa hasa, wanaharibikiwa figo wakiwa bado vijana. Mambo hayo yanatokea nchi nyingi, na hakuna chuo kimoja kitakachoyaweza peke yake. Nimepewa kuuongoza mradi. Juzi mkuu wetu alisimama mbele ya wageni akasema ushirikiano wa vyuo vikuu ndio utakaotatua matatizo ya dunia, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nakuhitaji. Hakuna nesi anayewajua watu wa shamba lile kama wewe. Kuhusu yale ya zamani, tutayazungumza tukionana.

Wifi yako wa mbali

Zahanati ya shambani, 29 Machi

Wifi,

Nimepata salamu zako. Sisi wazima. Kaka yako anakohoa kidogo lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Anasema tukipatana atapika yeye, tukigombana atahama.

Yale ya zamani unataka tuyazungumze tukionana. Mimi nayazungumza sasa hivi.

Ulikuja hapa na masanduku ya barafu. Ukaniambia, "Wifi, wewe watoe damu, mimi nitaipeleka ikapimwe." Nikatoa damu ya watu mia mbili na kumi na wawili, chupa ndogo tatu kila mmoja. Walikuwa wakitoka shambani saa nane wakiwa weusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, wananyoosha mkono bila kuuliza, kwa kuwa aliyeshika sindano ni mimi. Ndipo waliponibandika jina la Mama Sindano. Kila mmoja nilimwambia kwa kinywa changu: baada ya miezi mitatu utapata majibu yako.

Majibu hayakuja. Ilikuja makala. Niliisoma kwenye simu ya kaka yako, nikitafuta jina langu kama mtu anayetafuta mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Mwishoni kabisa nikakuta mmewashukuru "wahudumu wa eneo hilo". Sawa, mimi ni wahudumu. Hilo nililimeza.

Nisichoweza kukimeza ni hiki. Unamkumbuka Mbio, yule aliyekata mistari miwili ya miwa wenzake wakikata mmoja? Alikufa mwaka wa tatu tangu nimtoe damu, amevimba miguu na uso. Mkewe bado yupo, anapalilia humo humo shambani. Kila akija zahanati ananiuliza, "Mama Sindano, damu ya mume wangu ilifika wapi?" Ninajifanya natafuta kitu kabatini.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, Profesa. Sijui lolote kuhusu matatizo ya dunia. Najua watu mia mbili na kumi na wawili, na daftari lenye majina yao na namba zao ninalo. Leta majibu ya damu ile kwanza. Kabla ya hapo, mradi wako hautapata hapa hata tone.

Wifi yako,
Mama Sindano

Chuoni, 17 Mei

Wifi yangu,

Natumaini kikohozi cha kaka kimepona. Mimi ni mzima wa mwili.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa na kitu mkononi. Nilienda kwa mkuu wa ule mradi wa zamani, ambaye sasa amestaafu lakini bado ana ofisi kubwa kuliko yangu. Akaniambia, "Ile damu ilikuwa ya utafiti, haikuwa ya matibabu. Halafu majibu yana namba tu. Namba haina jina." Nikamwambia, "Majina yapo. Yapo kwenye daftari la wifi yangu." Akaniuliza wifi ni nini. Nikachoka kabla sijaanza kumweleza.

Kamati ya maadili imepokea ombi langu la kuwarudishia watu majibu yao. Kila wiki wananitaka nijaze fomu nyingine. Ninajaza.

Lakini kuna jambo sikukuambia, na siwezi kuendelea kukuandikia bila kulisema. Majibu niliyaona mwaka ule ule. Watu thelathini na mmoja walikuwa na figo zilizokwisha kuanza kuharibika. Nilisema tuwajulishe. Nikaambiwa tusubiri makala itoke. Nikasubiri. Makala ikatoka, nikapandishwa cheo, na baada ya hapo nikaona haya kulifungua tena jambo lile. Hakuna aliyenitisha, wala hakuna aliyenifungia mlango. Nilinyamaza mwenyewe.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Wifi yako wa mbali

Chuoni, 2 Julai

Wifi,

Wiki sita zimepita bila neno kutoka kwako. Kaka ameniambia mko wazima, na kwamba barua yangu uliisoma umesimama, ukaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Sikulaumu.

Nakuandikia kukueleza yaliyotokea, ujibu usijibu.

Siku ya kutia saini mkataba tulikuwa meza moja, mimi kiongozi wa mradi na wakuu wa vyuo vinne, kalamu zimepangwa, mpiga picha amesimama juu ya kiti. Nikasema sitii saini mpaka kiongezwe kifungu: kila mtu anayetolewa damu apewe majibu yake mkononi ndani ya siku sitini, na makala yoyote isubiri hadi hapo. Wenye damu wawe na watu wao kwenye kamati ya mradi, wenye haki ya kusema hapana. Na deni la miaka sita lilipwe kwanza. Mkuu wetu akaninong'oneza, "Haya yangeweza kungoja." Nikamjibu kwa sauti kwamba yamengoja miaka sita, na nikaeleza mbele yao nilichofanya mimi.

Aliyeniokoa ni daktari wa figo wa chuo cha huko nyumbani. Alisema, "Sisi huitwa washirika siku ya picha, halafu siku ya kazi tunaitwa kubeba masanduku. Kifungu kisipoingia, nasi tunaondoka." Chuo kimoja kilijitoa palepale. Vitatu vikatia saini. Picha haikupendeza hata kidogo.

Kamati ya maadili nayo imekubali. Daktari huyo atakuletea majibu yote, kila moja ndani ya bahasha yenye namba. Atakaa hapo wiki mbili na mashine ndogo ya kupimia, awapime upya wanaotaka. Kinachobaki ni daftari lako.

Wifi yako wa mbali

Zahanati ya shambani, 11 Septemba

Wifi,

Tu wazima sote, kikohozi kimeisha.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, mkono ulitaka kukupiga. Sasa umetulia kiasi. Daktari alikuja. Anatembea haraka, anakula chochote, na hajifanyi anajua asichokijua. Tumeelewana.

Tulifungua daftari tukaandika majina juu ya bahasha, kisha tukaenda nyumba kwa nyumba kwenye kambi za wafanyakazi. Wengi walikuwa wazima, wakacheka, mmoja akataka kuitundika karatasi yake ukutani. Wale thelathini na mmoja ndio kazi. Wanne wamehama, hatujui walipo. Kumi na wanane tuliwakuta, wamepimwa upya, na sita wanakwenda hospitali ya wilaya kila mwezi. Mmoja aliichana bahasha mbele yangu akasema, "Mnaniletea habari za mtu niliyekuwa." Nilirudi kwake siku tatu mfululizo mpaka akakubali.

Tisa wamekufa.

Kwa mke wa Mbio nilitaka kupita tu. Alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akaiona bahasha.

"Ni ya marehemu," nikamwambia.

"Nisomee."

"Mama, itakusaidia nini?"

"Nisomee hivyo hivyo."

Daktari akasoma. Siku niliyomtoa damu, figo zake zilikuwa zimebaki na nusu ya nguvu. Mama yule akauliza, "Angejua, angefanya nini?" Daktari hakuzunguka. "Angetolewa juani. Angeacha vile vidonge vya maumivu alivyokuwa anameza kila jioni. Labda asingepona, lakini angepata miaka zaidi."

Akaendelea kuchambua mboga yake mpaka ikaisha. Kisha akaniuliza nani aliyekaa na karatasi hii. Nikamjibu ni wifi yangu. Sikukuficha.

Tangu siku hiyo hajakaa chini. Ndiye mwakilishi wa wafanyakazi kwenye hiyo kamati yenu. Amewaambia wanafunzi wa vyuo waje na vipimajoto wavifunge katikati ya miwa, si kwenye kivuli cha ofisi ya meneja kama walivyoelekezwa. Wakapima wiki tatu, hapa na katika shamba la miwa la nchi ya kile chuo cha tatu, kwa siku zilezile. Mke wa Mbio akaenda na karatasi zote mbili za vipimo kwa meneja. Meneja akasema joto ni la Mungu. Mama yule akamwambia, "Joto ni la Mungu, saa za kazi umepanga wewe. Wenzetu huko wanapumzika kivulini kila saa, na miwa wanakata ileile." Kesho yake saa tano, watu mia nne waliweka mapanga chini wakakaa. Walikaa siku mbili. Sasa kuna maturubai yanayohamishwa kufuata wakataji, mapipa ya maji, na mapumziko kila saa. Tumeyapata haya tu, na meneja anayanung'unikia kila siku.

Unataka kuja Desemba, kaka yako ameniambia. Njoo. Lakini usianzie nyumbani. Anzia kwa mke wa Mbio. Ana maswali, na mimi sitakujibia.

Wifi yako,
Mama Sindano

Zahanati ya shambani, 14 Januari

Wifi yangu,

Natumaini umefika salama na kiuno kimevumilia safari. Hapa wazima. Kaka yako anadai amekonda kwa kupika wiki nzima, nami sioni palipokonda.

Siku ile nilikusubiri nje ya nyumba ya mke wa Mbio, kama tulivyokubaliana. Saa nzima na nusu. Sikusikia mlichozungumza, na ulipotoka ukiwa na macho mekundu sikukuuliza. Lakini jana nilimuuliza yeye.

Akasema, "Nilimwambia sijamsamehe. Akasema hakuja kuomba asamehewe, amekuja nimuulize. Nikamuuliza yote, hakukwepa hata moja."

"Sasa mradi wao je?" nikamuuliza. "Wanaweza kuanza kuchukua damu?"

Akajibu, "Mbio hawatamrudisha. Lakini hapa kuna vijana walioanza kukata miwa mwaka jana."

Leo asubuhi nimefungua zahanati nikamkuta yeye wa kwanza kwenye benchi, nyuma yake watu wamepanga mstari hadi barabarani. Alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa gauni, akanitazama. Nikamtoa damu chupa tatu, nikaandika jina lake na namba yake. Hadi jioni tumewatoa damu watu themanini na saba.

Kila mmoja nimemwambia siku sitini, kwa kinywa hiki hiki. Zinaisha tarehe kumi na tano Machi. Nimeanza kuhesabu.

Wifi yako,
Mama Sindano