Machipukizi ya Kisukari

Mhezi, Jumanne jioni

Nimemnyima wifi machipukizi. Huku kwetu mtu hanyimwi chipukizi la mgomba hata kama mmegombana, na leo nimemnyima dada wa mume wangu, mbele ya wanawe.

"Wifi, kweli unaninyima mgomba?"

Nikachukua panga, nikamkatia shina la mgomba wa kisukari ambalo majani yake yameshageuka manjano. Ndani nyuzi nyekundu tupu. Nikamwambia ugonjwa huu wa mnyauko hauna dawa, hata hiyo wanayouza siku hizi madukani Same. Bwana shamba, enzi zile alipokuwa bado anapanda huku mlimani kututembelea, alisema ugonjwa unakaa kwenye udongo na unasafiri na machipukizi.

"Sema tu hutaki," akajibu, akaondoka.

Imeniuma. Lakini sirudi nyuma. Migomba yote ya kisukari naing'oa. Ile ya kimalindi, ambayo sikuwahi kuijali, imesimama kijani katikati ya iliyokufa. Nitapanda hiyo, wachuuzi waliozoea kisukari wakunje sura wanavyotaka. Kahawa hailipi tena. Ndizi nazo zikiisha, tutakula nini?

Kinachonisumbua ni mama. Mwaka jana nilimpelekea machipukizi manane ya kisukari, nikijisifu kwamba kijiji kizima hakuna kama yangu. Juzi ameniletea salamu: migomba inakuwa manjano, anadhani ni jua.

Kesho naenda na jembe, nikaing'oe mwenyewe. Ila kwanza nitamwambia si jua. Ugonjwa huo nilimpelekea mimi, niliubeba kichwani, nikiimba njia nzima.