Kipindi cha Pili cha Mzee Redio

Shoga, acha unachofanya unisome.

Si unamjua Mzee Redio, yule mtangazaji wa mpira tuliyekuwa tukimsikiliza utotoni? Leo wakati wa mapumziko bosi kanifuata kwenye mitambo, kaniambia nimtoe mzee hewani, nimuunganishe mtangazaji mpya. "Usimwambie. Tutaongea naye kesho."

Usimwambie, eti.

Basi nikamtoa, na kipindi cha pili chote mzee kakitangaza peke yake mle chumba cha kutangazia. Bao la ushindi lilipoingia kasimama, mishipa ya shingo imemtoka. Na huko nje hakuna anayemsikia. Hakuna, shoga.

Mechi ilipoisha akampigia bintiye, kaweka spika kama kawaida yake. "Umenisikia, mwanangu?"

"Baba, si kipindi cha pili katangaza mwingine? Nikadhani unaumwa."

Akakata simu, akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ulinisikia?"

Nikamwambia ndiyo.

"Lile bao nililitangaza vizuri?"

Shoga, miaka yote hii sijawahi kumsikia akitangaza vizuri vile.