Mwito wa Baba Nilioupiga Kariakoo

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumanne, mvua bado

Dada yangu Sofia,

Shikamoo. Shikamoo nyingine ni ya Mama, umfikishie. Hamjambo wote? Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hii ya masika? Mihogo mmeiwahi kabla ya maji? Mimi mwili ni mzima, sikudanganyi. Ya moyoni yanakuja huko chini, na naomba uyasome peke yako kwanza, kisha uamue lipi la kumwambia Mama.

Barua yako imenifikia Jumamosi, wiki tatu baada ya mazishi. Nilikuwa nimetoka bandarini kubeba magunia ya korosho, pengine ya huko huko kwetu, nikaikuta imechomekwa mlangoni. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unasema siku ya kumzika Baba mwenyekiti wa kijiji aligonga rimu ya lori, ile ile inayoita watu shamba la ushirika. Unasema mwito wake mwenyewe wa ngoma haukupigwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia wazee wengine miito yao walipofariki, na wa kwake tunaoujua tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Mama anasema mumewe ameondoka kama mtu aliyetoroka. Ndiyo maana unaniita nije kabla ya arobaini niupige, mara moja kama ilivyo desturi, apate kupumzika.

Dada, nilitaka kuja. Jumapili asubuhi nilikuwa stendi. Karani akaniambia mabasi ya kusini yamesimama, maji ya Rufiji yamefunika barabara, na hajui mpaka lini. Meli ya Mtwara ilikuwa imeondoka Ijumaa. Nilirudi kwa miguu, nimelowa, na njia nzima sikuona mtu wa kumwambia nimefiwa.

Labda ningemwambia Mzee Popat, ila siku hiyo duka lilikuwa limefungwa. Ni yule Mhindi anayeuza nyuzi na vifungo chini ya nyumba ninayopanga. Nyumba yenyewe ilikuwa yake kabla serikali haijaitaifisha. Sasa anailipia kodi kama mimi. Ana kitabu cha zamani kisicho na jalada, cha watu wa hekima wa Uyunani walioitwa Wastoiko. Padri aliwahi kuwataja kwenye mahubiri, nikadhani ni kabila. Mwaka jana Mzee Popat alinikuta uani namtukana Mungu kwa sababu mvua imelegeza ngozi ya tumba yangu, ngoma ninayopiga bendini, na jioni bendi inapiga. Akaniuliza, mvua ni yako? Ngozi ni yako? Mkono tu ndio wako, shughulika na mkono.

Nilicheka, lakini neno lilikaa. Tangu siku ile nikaacha kuilazimisha tumba iliyolegea ipige kelele. Nikaipiga chini chini, kama ilivyotaka yenyewe. Asubuhi nisizokuwa na zamu nikawa nakwenda Feri kumsikiliza mnadi samaki, jinsi anavyonyamaza kidogo kabla ya kutaja bei ya mwisho, na watu wote wananyamaza naye. Hata vyerehani vya mafundi wa barazani nilivisikiliza, vinavyokimbia halafu vinakatika ghafla uzi ukiisha. Baba alikuwa akisema mpigaji hujulikana anaponyamaza. Miaka yote sikumwelewa, nimekuja kumwelewa kwenye harufu ya samaki. Kiongozi wa bendi, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kunikaripia, akaanza kuniachia nafasi ya kupiga peke yangu. Nilijiona nimefika.

Basi Jumapili ile, alasiri kulikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana. Nikajiambia kifo si changu, mto si wangu, mkono ni wangu. Wenzangu sikuwaambia kitu. Wao wananiita Kusini, na sidhani kama wawili kati yao wanalijua jina langu. Nilipasha tumba juu ya jiko la mkaa nyuma ya ukumbi, nikaingia. Vijana walikuwa wengi, na soda zao, na suruali zao pana. Wimbo wa tatu magitaa yakanyamaza kuniachia nafasi, na mkono ukapiga mwito wa Baba.

Wote, Dada, mpaka mwisho. Mawili ya haraka, kimya, matatu mazito, kimya, na ule mburuto wa kiganja juu ya ngozi aliokuwa akimalizia nao, kama mtu anayefuta unga. Niliusikia wakati mmoja na wao. Mkono ule niliojisifia kuwa ni wangu haukuniuliza.

Na wao wakacheza. Msichana mwenye gauni la njano aliinua mikono juu, wengine wakapiga makofi pale penye kimya. Kiongozi akacheka, akanipa ishara nirudie. Niliondoa mikono kwenye tumba. Unaijua desturi: mwito wa marehemu ukishapigwa haurudiwi tena duniani. Nilikuwa nimeumaliza mwito wa baba yangu katikati ya watu wanaokunywa soda, na mama yangu anausubiri. Sijapata kuona aibu kama ile.

Magitaa yalipopokea, ndipo nikamwona mtu mlangoni. Alikuwa mvuta mkokoteni, ameleta makreti ya soda, na kreti moja ilikuwa bado begani. Aliitua. Akavua kofia, akachuchumaa, akaweka kiganja sakafuni, kama wanavyofanya watu wa kwetu mwito unapolia. Vijana walimpita wakicheza, mmoja akamkanyaga, yeye hakuinuka mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akaja pale nilipokaa, akasema kwa lugha yetu, ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwa mtu tangu Krismasi:

"Tumesikia. Ni nani?"

Nikamwambia ni Mzee Chilumba, baba yangu.

"Mzee Chilumba, tumesikia," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwenye kreti yake, akamaliza kazi. Sikumwuliza jina. Jana nimemtafuta sokoni katikati ya mikokoteni mpaka jua likazama, sikumwona.

Nililia pale nyuma ya ukumbi, karibu na jiko. Jana hiyo hiyo asubuhi nilimweleza Mzee Popat, tena kwa kuona haya, maana nilidhani nimeshindwa kukifuata kitabu chake. Aliendelea kupanga vifungo vyake. Kisha akanieleza kwamba siku aliyokabidhi ufunguo wa nyumba hii alimpa afisa mkono, akaagana naye vizuri, halafu akaenda chooni akafungulia bomba ili mkewe asisikie analia.

"Kitabu haikatazi kulia," akaniambia. "Lia, halafu angalia kazi gani imebaki mkononi."

Iliyobaki mkononi ni barua hii. Barabara ikifunguka nakuja, hata kama arobaini itakuwa imepita. Lakini sitaupiga tena, Dada, hata wazee wakinishika. Nitakaa karibu na ngoma yake, mikono magotini, na atakayetaka kunilaumu anilaumu. Niombee msamaha kwa Mama. Na tafadhali asitokee mtu akaubahatisha ili kumfurahisha.

Msalimie Shangazi aliyetulea, mwambie kitenge chake ninacho, nitakuja nacho. Msalimie Mjomba fundi seremala, na shemeji yangu, na mapacha wako ambao sijawaona. Mwenyekiti naye msalimie, mwambie sina kinyongo na ile rimu. Aligonga alichokuwa nacho.

Mama akiuliza kama Baba amepigiwa, mwambie amepigiwa. Akiuliza waliosikia walikuwa wangapi, mwambie ukumbi ulijaa. Hapana, usimdanganye Mama. Mwambie alisikia mtu mmoja, akatua mzigo.

Mdogo wako asiyekusahau,
Severini