Mwale Usiouma na Kanzu ya Harusi

Alhamisi. Milima imejifunika wingu tangu asubuhi, hapa Kilakala manyunyu hayakatiki, na mimi mzee mzima nimekaa sebuleni kifua wazi.

Ugonjwa wenyewe, mkanda wa jeshi, ulipona miezi mitano iliyopita. Malengelenge yalikauka yakaondoka, maumivu yakabaki ubavuni kulia kana kwamba yamepanga chumba. Shati likigusa hapo ni moto. Hata feni ikinipulizia naigombeza.

Jumamosi namuozesha binti yangu, Mwanaidi. Baba hawezi kuozesha kifua wazi.

Shemeji Kibwana, kaka wa mke wangu, ameteremka kutoka Mgeta na suluhisho lake. Kwetu Waluguru mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake, na huyu sauti yake anaijua. Anasema nikishindwa kuvaa kanzu nimwachie yeye kazi ya kuozesha. Juzi nilimkuta mbele ya kioo amevaa joho langu. Eti anaangalia kama lina vumbi.

Ndiyo maana naenda kwa dada mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo, huko mjini, mwenye kimashine cha mwanga wa leza. Leo ilikuwa mara ya nane. Naungama: siku ya kwanza nilifika nimepakwa masizi na majani yaliyotwangwa, kazi ya mama mkwe, na yule dada alitumia muda mrefu zaidi kunisafisha kuliko kunitibu. Kisha akanivisha miwani myeusi, akapitisha kidude ubavuni.

Sikusikia kitu. Hata joto.

Mimi nimekulia kwenye sindano za kutoka unachechemea na dawa za kunywa umebana pua. Tiba isiponiuma najiona nimepunjwa. Nikamwomba aongeze moto.

"Baba, huu mwanga hauchomi," alinijibu taratibu. "Na kupona sikuahidi. Naahidi kujaribu."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilinuna hadi mara ya tano, siku niliposinzia mchana kwenye kochi na kuamka nimelalia ubavu ule ule.

Leo baada ya kula nimevaa kanzu kujaribu. Mke wangu alikuwa anatazama saa, shemeji amekaa na joho mapajani, ananitazama kwa matumaini. Ubavu uliwaka, ila si kama zamani. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita.

Mwanaidi akaingia. Miezi mitano sasa ananipa shikamoo kutoka mlangoni, anaogopa kunigusa, na jambo hilo limeniuma kuliko ubavu. Kuniona na kanzu akajisahau. Akanikumbatia, tena upande wa kulia.

Imeuma, sitaki kudanganya. Machozi yalinitoka. Akashtuka, akataka kurudi nyuma.

"Usiniachie kwanza," nikamwambia.

Shemeji akanyanyuka, akaenda kulitundika joho mahali pake.

Kesho asubuhi naenda mara ya tisa. Nitatokea mlango wa nyuma, mama mkwe asiniwahi na masizi yake.