Hita Ndani ya Ndoo

Nyumbani kwangu, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya huko? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini hiyo ndiyo kazi yake siku hizi.

Mwanao hakufukuzwa chuo. Nimelitanguliza hilo ili mengine uyasome umetulia.

Kisa unakijua. Alisahau hita ndani ya ndoo, maji yakakauka, ndoo ikayeyuka, godoro la mwenzake wa chumbani likaungua. Hita ikakutwa upande wa mwenzake, na yule maskini tayari alikuwa na onyo. Kosa jingine lingemrudisha kwao. Ndipo ukapiga simu kumwambia mwanao akane, mambo yaishe.

Nilienda kama mlezi, leso mkononi, nimejiandaa kulia. Kumbe mbele ya kamati ya nidhamu mlezi anakaa, hasemi. Unanijua. Swali la kwanza nikajibu mimi, la pili pia. Mshauri wa wanafunzi akanisogezea glasi ya maji, nikaelewa kwamba mdomo wangu umetafutiwa shughuli.

Hawakumfokea mwanao. Walimuuliza nani ameumia, na yeye atarekebisha vipi. Akainamisha kichwa, kisha akasema, "Hita ni yangu. Baba aliniambia nikatae, ila huyu atafukuzwa bure." Maji yakanipalia.

Adhabu yao ni ya kumfundisha mtu, wanasema. Godoro lake kampa mwenzake, yeye analala kwenye mkeka. Jumamosi anazunguka vyumbani na fundi umeme kukagua soketi, na kila chumba anaeleza mwenyewe alichofanya. Yuko chini ya uangalizi mpaka mwaka uishe. Akiteleza tena, atafungasha virago.

Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na safari hii njia ilikuwa yako. Sikulaumu sana, uchungu wa mwana naujua. Lakini pale niliona aibu, na papo hapo nikajivunia mtoto.

Tangu siku hiyo anaitazama simu, haigusi. Anaamini amekuvunjia heshima.

Nisalimie wifi yangu na wale mapacha. Mama anakuombea kila alfajiri. Mungu akufungulie milango huko uliko.

Mpigie mwanao leo. Mwambie wewe ndiye uliyekosea.

Dada yako, nikupendaye hata ukininunia