Nafasi za Wageni Zimejaa

Swahiba, hebu sikia haya. Chuo cha uuguzi wamemkataa binti yangu.

Alama anazo. Eti yeye ni mgeni, na nafasi za wageni zimejaa. Mgeni, wakati kazaliwa hospitali inayotazamana na geti lao.

Nikasema mgeni ni mimi babake, marehemu mke wangu alikuwa raia. Karani akajibu, "Basi aje mwenyewe athibitishe." Swahiba, aje mwenyewe. Nikamwambia yuko makaburini, nenda kamwite.

Hata hakutahayari. "Basi mzee, ukaazi wa mtoto uliisha mama alipofariki."

Wakubwa wamekaa kwenye viti vyao wakatunga sheria ya kumfukuza yatima kwao.

Tukainuka. Karani akasema, "Karibuni tena."

Binti yangu akamgeukia polepole. "Mwenyeji hakaribishwi kwao, dada."